Mtoto wa Ambakisye Aitwe Nani?

Sogeeni, na wewe uliye mlangoni ingia ukae. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini kuimaliza ni kazi yenu.

Walikuwapo vijana watatu, wanafunzi wa mitambo ya mtandao, waliopelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika mji mmoja wa milimani huko Rungwe, ambako mvua haijui kupumzika. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Sekela. Yeye alijua kutafuta. Kitu kikiharibika, wenzake hukimbilia kukigusa. Sekela hukaa kwanza, akakiuliza swali moja baada ya jingine mpaka kikamwonyesha panapouma.

Wa pili ni Ipyana. Yeye alijua kupanda. Mnara uwe mrefu vipi, upepo uwe mkali vipi, atafika juu, na huko juu vidole vyake vitafanya kazi kama vya mtu aliyeketi mezani.

Wa tatu ni Nsajigwa. Yeye alijua kuiamuru ruta. Ruta ni kile kisanduku kinachokaa njia panda ya mtandao na kuuambia kila ujumbe: wewe pita huku, wewe pita kule. Kisipopewa maagizo sahihi, ujumbe hufika hapo ukapotea. Nsajigwa aliyaandika maagizo hayo kwa utulivu, na hakuwahi kuandika neno asilojua maana yake.

Sasa, katika mji huo kulikuwa na kesi. Mpakiaji wa magunia ya chai, kijana aitwaye Ambakisye, alishtakiwa kwamba alilichoma ghala moto, na mlinzi akafia ndani. Ambakisye alikana. Alisema wakati ghala linaungua, yeye alikuwa kijiji cha mbali, nyumbani kwa nesi mmoja, akishonwa jeraha la mguu. Lakini nesi huyo alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, na mbali na yeye hapakuwa na mtu mwingine aliyemwona. Basi ikapangwa kwamba atoe ushahidi kwa mtandao, sura yake itokee kwenye ukuta wa mahakama.

Asubuhi ya siku hiyo radi ilipiga. Umeme ukakatika, ukarudi. Ukuta ukabaki mweupe.

Jaji alivua miwani. "Shauri hili nimeliahirisha mara mbili kwa ajili ya shahidi huyu," alisema. "Siahirishi tena. Adhuhuri ikifika sijamwona wala kumsikia, utetezi umefungwa."

Wakili alisimama. "Mheshimiwa Jaji, hata kwa simu ya mkononi?"

"Mahakama inampokea shahidi kwa njia yake yenyewe, si kwa simu ya mtu. Keti, wakili."

Kwenye benchi la nyuma, Bi Subilaga, mama yake Ambakisye, alimshika mkono mkwewe, Tumpe. Tumpe alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia. Wote wawili walijua adhabu ya kosa lile ni kitanzi.

Vijana watatu wakaitwa mbio. Mkuu wao, Bwana Kasebele, jasho lilikuwa linamtoka. "Zimeni kila kitu, muwashe upya! Hapa ukutani, kule chumbani, na mlimani pia!"

"Hapana, bosi," alisema Sekela.

"Unasemaje?"

"Tukizima sasa tutafuta alama zote, na hatutajua ugonjwa uko wapi. Nipe nafasi niulize."

"Wewe ni mwanafunzi hapa! Likiharibika hili, barua ya kukurudisha chuoni naiandika leo hii."

"Iandike, bosi. Lakini usizime."

Akaketi. Alituma ujumbe mdogo wa majaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe, ukajibu. Akautuma kwenye ruta ya mahakama, chumba cha pili, ukajibu. Akautuma kwenye ruta ya mlimani, chini ya mnara unaoushika mtandao wa mji mzima. Hapo ukajibu, ukanyamaza, ukajibu tena, ukanyamaza mara nyingi zaidi. Akautuma ng'ambo ya mlima. Kimya kabisa.

"Hapa mahakamani hakuna ubovu," alisema. "Magonjwa ni mawili, na yote yako mlimani. Ujumbe unaopotea na kurudi ni kitu kilicholegea au kilicholowa, kebo au antena. Hicho kinatengenezwa kwa mikono. Na ruta ya pale yenyewe imesahau njia ya kutoka nje. Hiyo inatengenezwa kwa maagizo. Lakini mikono kwanza, maana maagizo hayapiti kwenye kebo mbovu."

Ipyana alikuwa ameshachukua mkanda wa kupandia. Alidandia pikipiki akapanda mlima katika tope, redio ya mkononi ikining'inia shingoni. Alipofika, mlinzi wa mnara alimzuia. "Mwanangu, radi bado inanguruma kule bondeni."

"Naisikia, baba. Inakwenda, haiji. Nishikie pikipiki hii isianguke."

Akapanda. Juu kabisa aliikuta kebo imechubuka na kichwa chake cha kuchomekea kimejaa maji. Aliikata, akaichuna, akaifungia kichwa kipya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Lakini alipoichomeka, kikasikika kitu kikipasuka: chuma kilichoishika antena kilikuwa kimevunjika, na upepo ukaanza kuigeuza antena. Ipyana akaweka bega chini yake, akajisukuma mpaka ikatazama tena mji.

"Sekela, vipi?" aliita redioni.

"Sasa unajibu kila mara! Umefunga?"

"Sijafunga. Nimeishika kwa bega. Mwambie Nsajigwa afanye haraka."

Mahakamani, saa ya ukutani ilikuwa imeikaribia adhuhuri. Nsajigwa aliingia kwenye ruta ya mlimani akiwa palepale mezani. Akakuta fundi fulani wa zamani alikuwa ameibadilisha njia ya kutokea nje bila kuihifadhi, hivyo umeme ulipokatika, ruta ikarudia maagizo ya kale yasiyofaa tena. Njia ile ilipaswa kuandikwa upya. Na hatari yake ilikuwa hii: yeye aliifikia ruta kupitia mlango wake wa ndani, ule unaotazama mji. Akiukosea mlango huo, amejifungia nje.

Kwa hiyo kwanza aliipa agizo la tahadhari: nisipokufuta agizo hili, baada ya muda mfupi jizime, uwake upya, urudi ulivyokuwa.

Kisha akaandika. Nyuma yake Bi Subilaga alikuwa ameanza kulia taratibu. Nsajigwa akaharakisha, jambo ambalo si desturi yake, na anwani ya mlango wa nje akaupa mlango wa ndani.

Kioo cha kompyuta kikaganda.

"Umeiua!" Bwana Kasebele alipiga kelele.

"Sijaiua. Itarudi." Nsajigwa akaanza kuhesabu dakika za lile agizo la tahadhari.

Sauti ya Ipyana ikakwaruza redioni. "Imekuwaje? Nishuke?"

"Usishuke! Usisogee hata kidogo!" alijibu Nsajigwa.

"Bega linatoka, kaka."

"Ipyana, nakuomba. Vumilia."

Wakangoja. Karani alimtazama jaji, jaji akatazama saa. Tumpe aliinama, akashika tumbo kwa mikono miwili. Ndipo ruta ikajizima, ikawaka, ikarudi ilivyokuwa. Nsajigwa akaanza upya, na safari hii kila neno alilisoma kwa sauti ya chini kabla ya kuliachia. Mlango wa nje. Anwani yake. Njia ya kutokea.

Sekela akatuma ujumbe wake wa majaribio ng'ambo ya mlima. Ukajibu.

"Futa tahadhari!" alisema. "Hifadhi!"

"Nimefuta. Nimehifadhi."

Jaji alikuwa ameshika kalamu. Ukutani kikatokea kivuli, kivuli kikawa uso, na uso ukasema, "Mnanisikia huko?"

Nesi aliapa, akaeleza. Alieleza saa aliyomshona, jeraha lilivyokuwa na mguu uliokuwa nalo, na jinsi mgonjwa alivyoomba ashonwe haraka maana mkewe anamngoja nyumbani. Wakili wa serikali alimbana kwa maswali, hakuyumba. Muda wote huo Ipyana alikuwa juu ya mnara, na antena begani.

Siku ya hukumu Ambakisye aliachiwa huru. Bega la Ipyana liliwekwa mahali pake hospitalini, lakini mpaka leo halinyanyui mzigo. Sekela alirudishwa chuoni kwa barua, kama alivyotishiwa, kwa kosa la kumkatalia mkuu wake. Naye Nsajigwa alikaa muda mrefu akiamka usiku na kukiona kile kioo kilichoganda.

Tumpe akajifungua. Bi Subilaga akawaalika vijana wote watatu, akawaandalia ndizi na nyama, kisha akasema: "Ndaga fijo, wanangu. Asanteni sana. Sisi hatuna kitu. Lakini katika ukoo wetu mtoto hupewa jina la mtu aliyemfungulia njia baba yake. Jina ni moja, halichanganywi wala haligawanywi. Nami nasema aitwe Ipyana. Huyu alitoa mwili wake."

"Mama, nisamehe," alisema Ambakisye. "Ipyana angeshika antena mpaka kesho, ukuta ungebaki mweupe. Njia aliifungua Nsajigwa. Alikosea, akasimama, akarudia. Mtu wa namna hiyo ndiye nitakaye mwanangu amfuate."

Tumpe akatikisa kichwa. "Wangezima kila kitu asubuhi ile, nani angepanda, na nani angeandika? Wangehangaika na ukuta mpaka adhuhuri. Sekela alikataa akijua atafukuzwa. Na alifukuzwa."

Vijana wenyewe wakaulizwa. Sekela akampokea mtoto, akamtazama, akampa Ipyana. "Mimi niliona tu," alisema. "Huyu alikwenda."

Ipyana akampakata kwa mkono mzima, akampitisha kwa Nsajigwa. "Mimi nilishikilia tu. Huyu ndiye aliyeponya."

Nsajigwa hakukaa naye. Alimrudisha kwa Sekela. "Mimi nilikaribia kumuua baba yake. Bila huyu nisingejua hata pa kuanzia."

Mtoto akaanza kulia, ana njaa, hana jina. Bibi yake akageuka kutuuliza sisi tuliokuwapo, tukabishana mpaka chakula kikapoa, na hatukupatana.

Sasa nawaachia ninyi. Aliyeona, aliyekwenda, aliyeponya: mtoto aitwe nani? Je, wewe ungeamua vipi?