Kibubu cha Kitako Kinachoteleza

Wapendwa, leo nataka niwapeleke kwa fundi seremala mmoja. Msiniulize jina lake wala mtaa wake, maana nikiwatajia mtatoka hapa mnamjadili yeye, na mimi sikuja kumsema yeye.

Alikuwa fundi hasa. Meza yake haiyumbi. Mlango wake ukiufunga unafunga, husukumi kwa bega. Lakini kazi iliyompa jina pale mjini ni vibubu. Mnavijua, vile visanduku vya mbao vya kutunzia akiba, vina tundu moja juu la kupenyezea hela, na pande zote vimepigiliwa misumari. Kibubu hakifunguliwi. Ukitaka hela yako, unakivunja.

Watu walikuwa wanakuja kuvivunjia palepale kwenye karakana yake. Mama muuza vitumbua anakuja Desemba na kibubu chake amekikumbatia, fundi anampa nyundo, mama anapiga mara mbili tatu, hela zinamwagika juu ya maranda, wanacheka wote wawili. Ada ya mtoto imepatikana. Fundi alizipenda sana siku hizo, na mara nyingine alikuwa anasaidia kuokota sarafu zilizoingia chini ya meza.

Sasa, fundi huyu alikuwa anaishi na mama yake mzazi. Mama alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kuona ukungu, halafu vivuli, halafu basi. Mjukuu wake, binti wa yule fundi, alizaliwa bibi haoni tena. Wakampa jina la bibi. Bibi alikuwa anampakata, anampapasa uso taratibu, paji, pua, kidevu, halafu anamuuliza mkwewe, "Kafanana na nani huyu?"

Mkwe anamjibu, "Ni wewe mtupu, mama."

Bibi anasema, "Mnanifurahisha tu nyie. Nitamwona mwenyewe."

Na kweli angemwona. Kila mwaka, Septemba, madaktari wa macho walikuwa wanaweka kambi kwenye hospitali ya wilaya. Upasuaji wenyewe hata saa nzima haufiki. Ilitakiwa nauli ya watu wawili, hela ya kula na kulala siku chache, na mchango kidogo wa dawa. Fundi akapiga hesabu, akaona akiweka kila siku kiasi cha chai na chapati mbili, Septemba itamkuta yuko tayari kabisa.

Lakini alijijua. Nisikilizeni hapa. Alijua kabisa kwamba hela haikai mkononi mwake. Mkewe naye alimjua, akamwambia, "Mume wangu, ile hela ya mama tumpe mhazina wa kikundi chetu cha akiba atushikie. Kila jioni nitakuwa nampelekea mimi."

"Nishikiwe hela na mama jirani?" akasema fundi. "Kama mtoto anayetumwa dukani? Watu watanionaje? Mikono ninayo. Nitatengeneza kibubu."

Akatengeneza. Cha mbao ya mninga, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza. Alipofika kwenye kitako, misumari tayari iko mdomoni, mkono ukasita. Akajiambia, je, ikitokea dharura? Mtoto akiugua je? Basi akaitoa misumari mdomoni, akachonga mifereji miwili, akapachika ubao wa kuteleza. Aliufanya kwa ustadi kiasi kwamba ukikigeuza kibubu chini juu, huoni hata pa kuingiza ukucha. Pa kusukuma alipajua yeye peke yake.

Kibubu kikawekwa kwenye rafu pale sebuleni, juu ya kiti anachokalia mama yake. Kila jioni fundi akirudi anasema, "Mama, ya leo hii." Sarafu inadondoka, mama anaisikia. Anamwambia, "Asante mwanangu. Mungu akuongezee." Nyumba nzima ilikuwa inalala na furaha.

Wiki ya tatu dharura ikaja. Mnataka kujua ilikuwa dharura gani? Kadi ya mchango wa harusi. Harusi ya nani? Ya mpwa wa mtu aliyewahi kumuuzia mbao. Mnacheka nini, na hizo kadi ziko kwenye mikoba yenu sasa hivi? Mchana ule mama amejiegemeza kitini, anasinzia. Fundi akakishusha kibubu, akasukuma ubao. Ukakwaruza. Akasimama kidogo, akamtazama mama yake, naye mama hakutikisika. Akachukua hela, akarudisha ubao, akaapa moyoni kwamba Jumamosi atarudishia mara mbili.

Jumamosi ikaja na mambo yake. Akamaliza kazi ya madawati, wenzake wakataka nyama. Jumamosi nyingine akabeti mechi. Halafu akaona simu ya kupangusa imeshushwa bei, na mwenye duka anamwambia zimebaki mbili. Kila akitaka kufungua alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuja inaongea kwa adabu, kama mtu mzima mwenye busara zake. Ule ubao ulivyokuwa unakwaruza ukamkera, akachukua kipande cha mshumaa akaipaka mifereji yote miwili. Ukawa unateleza bila kelele.

Na jioni, wapendwa, aliendelea kutumbukiza sarafu. "Mama, ya leo hii." Hapo ndipo panaponiuma mimi. Maana hakuwa anamdanganya mama yake. Kila jioni alikuwa anamaanisha.

Septemba ikafika. Fundi akasema, "Mama, mwaka huu mambo yamebana. Tutakwenda mwakani." Mama akasema, "Haya mwanangu." Mjukuu akaanza kutembea. Septemba ya pili ikafika, maneno yakawa yaleyale, na mama akajibu vilevile. Mjukuu alikuwa ameshaanza kuongea, na ndiye aliyekuwa anamshika bibi yake mkono kumtoa nje aote jua.

Mwaka wa tatu, Julai, baridi lilipokaza, mama akapata homa ya mapafu. Alikuwa mzee, mwili ukakataa. Fundi akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akasema, "Mama, jikaze. Septemba si mbali. Kibubu kimekaribia kujaa."

Mama akageuza uso upande wake. "Mwanangu," akasema, "yaliyoharibika ni macho."

Fundi hakuelewa. Au alielewa, akaomba awe hajaelewa.

"Masikio yangu mazima," mama akasema. "Mwanzoni kilikuwa kinakwaruza. Halafu ukakipaka mshumaa, nikasikia harufu. Baada ya hapo nikawa nakujua kwa pumzi. Ukikifungua, unabana pumzi."

Fundi akalia. Akalia mbele ya mkewe na mtoto wake. Akasema, "Mama, mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Kila jioni ulikuwa unaweka tena. Nikasema, anajaribu. Nikimwambia nimesikia, ataona aibu, ataacha hata kujaribu." Akapumzika kidogo. "Labda nilikosea. Niletee mjukuu wangu."

Wakamletea. Akampapasa kama siku zote, paji, pua, kidevu. Akauliza, "Kafanana na nani huyu?"

Siku ya tatu akafariki.

Mafundi wenzake walikuja kumwambia, kaa na wageni, jeneza tutatengeneza sisi. Akakataa. Akazichukua mbao za mninga zilizobaki, akapima mwenyewe, akakata mwenyewe. Alipofika kwenye kitako akaanza kupiga misumari. Akapiga mmoja, akapiga mwingine kando yake, na mwingine, na mwingine, imebanana kuliko kazi yoyote inavyohitaji. Akaenda hivyo upande mmoja, akahamia wa pili. Wenzake wakatazamana. Wakadhani ni uchungu tu wa kufiwa. Hawakujua kwamba lile ndilo sanduku lake la kwanza, la nyumbani kwake, alilokubali kulipigilia kila upande. Ikabidi wamshike mkono.

Sasa turudi kwetu sisi. Nani aliiba hela ya mama yule? Hakuingia mwizi. Na usiniambie fundi hakumpenda mama yake, maana alimpenda sana. Usiniambie hakuwa na nia, nia alikuwa nayo kila jioni. Aliujua udhaifu wake, akaujengea mlango, tena akaupaka mshumaa ili usipige kelele. Na sisi je? Umesema utaweka akiba ya ada, na kadi ya benki iko mfukoni. Umesema umeacha pombe, na chupa moja iko kabatini, eti ya wageni. Umemwomba Mungu akuepushe na mtu fulani, na namba yake bado hujaifuta. Kila mmoja wetu hapa anapajua pale pa kusukuma.

Na wewe unayekaa na mtu wa namna hiyo, unamsikia kila siku anabana pumzi, unanyamaza kwa sababu unampenda. Mwambie. Mwambie kwa upole, lakini mwambie leo, huku Septemba bado haijapita.

Sitaki mtu aondoke hapa akaape. Yule aliapa kila Jumamosi. Mimi nataka upigilie kile kitako. Kama mkono wako ni dhaifu, na mingi ni dhaifu, wa kwangu ukiwemo, mpe mwenzako nyundo akupigilie. Kina mama wa kikundi cha akiba cha hapa kwetu watakuwa pale mlangoni baada ya ibada na daftari lao. Kina baba, nawaona mnavyotazama chini. Najua mnachoogopa, ni kuonekana.

Basi niwaambie la mwisho kuhusu yule fundi. Siku hizi kila jioni anafunga karakana, anapita katikati ya mtaa, anakwenda nyumbani kwa yule mhazina, anampa akiba ya ada ya binti yake mkononi. Watu wanamwona. Mwanzoni walimcheka, wakamwita mtoto wa kutumwa dukani, wakachoka. Aibu ile aliyoiogopa ilidumu wiki moja. Mama yake alikaa gizani karibu miaka mitatu.

Wiki moja, wapendwa. Simameni tuombe.