Jina la Kahongya

Mficha uchi hazai. Walimu wengi huipita mbio methali hii darasani, kwa kuwa ina neno linalowachekesha wanafunzi. Hata hivyo maana yake imenyooka kama mpini wa jembe: mwenye shida akiona haya kuionyesha kwa yule anayeweza kumsaidia, atazeeka nayo. Watu wa kilima cha Vusayi, kati ya Butembo na Beni, waliijua methali hii tangu wakiwa wadogo. Lakini kuijua ni jambo moja, na kuifuata ni safari nyingine.

Kilima hicho kilikuwa na posti ya afya: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na friji ndogo ya chanjo inayotumia jua. Hapakuwa na habari ya kuomba nafasi siku tatu kabla. Ukishikwa na homa shambani, ulitua jembe, ukaingia, ukakaa kwenye benchi, ukaitwa. Mkuu wake, titulaire kama wanavyomwita huko, alikuwa Mama Jokébed, mwanamke mfupi mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Siri ya mgonjwa ikiingia kwake ilikuwa kama jiwe lililotumbukia kisimani.

Ng'ambo ya njia, mkabala na posti, aliishi mzee Kahongya, mkulima wa kabichi na vitunguu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, koti refu ambalo halikumtoka mwilini hata jua likiwaka, na fahari moja aliyoitembeza kila mahali kama jogoo anavyotembeza mkia wake: hajawahi kuugua.

"Miye na kinini hatujuane," alipenda kusema juu ya dawa hiyo ya malaria. "Siku tutakutana njiani, tutasalimiana tu."

Jumatatu moja, supervizeri, yaani mkaguzi wa zone ya afya, alipanda kilimani, viatu vimejaa tope. Aliitwa Bwana Ésaïe, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Watu waliitwa, wakajaa uani. Akafungua kitabu cha wagonjwa.

"Batu ya Vusayi, nabasalimia," alianza. "Nimesoma hii kitabu yote, miezi kumi na munane. Sheria ya bureau inasema hivi: posti yenye haifikishe batu mia tatu, tunaifunga, tunaiunga na ile ya kwenye barabara kubwa. Yenu iko na wagonjwa wawili."

Watu walicheka. Ésaïe hakucheka.

"Wawili," alirudia. "Mumoja anaitwa Syauswa, anakujaka kila mwezi, asubuhi mapema. Mwingine anaitwa Kahongya. Huyu Kahongya ametunzwa mara elfu moja mia ine na kumi na mbili. Ni mwanaume, tena ni mwanamuke. Iko na miaka makumi saba, tena iko na miezi tisa. Siku moja aliumwa malaria mara kumi na ine. Na amezaa mara kumi na saba, mbili kati ya hizo ni mapacha. Sasa nauliza kwa heshima: huyu mutu iko hapa, nimupe mukono?"

Macho yote ya kilima yalimwangukia mzee Kahongya. Alisimama polepole, akakaza koti lake.

"Iko miye," alisema. "Mais zile mimba hapana zangu."

Safari hii hata Mama Jokébed alifunika mdomo.

Jambo lenyewe lilianza miaka ya Ebola. Siku zile watu wa riposte, kampeni ya kupambana na ugonjwa huo, walizunguka na madaftari, na aliyeandikwa jina alifuatwa siku ishirini na moja, joto lake likipimwa mlangoni, na majirani wakimkimbia kama moto wa nyasi. Watu wakaona ni heri kuugulia uvunguni. Ndipo Kahongya, aliyekuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho, alipowaita akawaambia, "Muende mutunzwe. Bakiwauliza jina, museme Kahongya. Miye siko na ugonjwa, bakuje kunifuata, nitabaonyesha kabichi." Watu wakatoka mafichoni, wakatibiwa, wakapona. Ebola ikaondoka. Desturi ikabaki, kama mgeni aliyezoea fufu ya nyumba. Aliyeumwa tumbo alikuwa Kahongya, aliyepasuka kidole alikuwa Kahongya, na mama mwenye uchungu wa kuzaa aliingia mlangoni akipiga kelele kwamba yeye ni Kahongya.

"Na weye, titulaire, ulikuwa unaandika tu?" Ésaïe aliuliza.

"Nilikuwa naandika," alijibu Jokébed. "Afazali kutunza mutu hana jina kuliko kuzika mutu iko na jina."

Ésaïe alifunga kitabu. "Nimesikia. Mais kitabu ni kitabu. Alhamisi ya juma ijayo nitarudi na pikipiki mbili kubeba friji. Kama hao batu beko kweli, bakuje mbele yangu, kila mutu na jina yake na ugonjwa yake, nisahihishe. Bila ile, posti imekwisha."

Kahongya alirudi nyumbani amejikunja. Mlangoni alimkuta mjukuu wake Ornella, ambaye mumewe alikuwa kwenye biashara ya kakao huko Eringeti. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Alikuwa anachambua maharage, mguu mmoja kaunyoosha. Mzee alimtazama, akakumbuka mwaka ambao posti ilikuwa haijajengwa, na mkewe mwenye uchungu wa kuzaa aliyebebwa kwa kipoyi, machela ya miti, usiku wa mvua kuelekea barabara kubwa. Ni mwendo wa saa tatu, mito miwili. Walipofika mto wa pili, waliokuwa wakimbeba waliona hakuna haja tena ya kukimbia.

"Sokulu, unaniangalia nini?" Ornella aliuliza babu yake.

"Naangalia maharage," alisema mzee, akapita.

Kesho yake, kabla umande haujakauka, alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa Siméon, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mtu wa shati jeupe hata siku ya kulima.

"Nakuja kukamata jina yangu," mzee alisema.

"Jina gani, mzee?"

"Ile nilikuazima. Nimeihitaji. Alhamisi ukamate yako, uende nayo kwa posti."

Siméon alitazama kulia na kushoto, akapunguza sauti. "Mzee, miye njo nafundishaka bamama usafi. Nitasimama mbele yao niseme niliumwa minyoo?"

"Minyoo haiogopi shemasi, shemasi anaogopa minyoo?"

"Tutaomba," alisema Siméon, akafunga mlango kwa adabu.

Kwa Muyisa, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa na kifua kama mlango wa ghala, mambo hayakuwa bora. Kilima chote kilijua kuna mwanaume aliyelia kwa sauti siku ya kuchomwa sindano, na kilijua ni nani.

"Siye miye nililia," alisema Muyisa. "Aliyelia ni Kahongya. Uangalie kitabu."

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa Mama Virginie, muuza vitumbua, mwanamke ambaye maneno yake yalikuwa ya moto kuliko mafuta yake.

"Papa Kahongya, nakuheshimu," alisema, akigeuza vitumbua. "Mais kutuambia tutoke na haya zetu ni rahisi kwa mutu hana haya ya kuficha. Weye haujaugua hata siku moja. Siye tutajivua mbele ya batu, weye utakuwa umekaa na koti yako, unatuangalia?"

Kahongya alikaza koti lake. Neno lile lilimwingia kama upupu. Alirudi kwake bila kugonga mlango mwingine, na siku zote zilizosalia hakuonekana akijisifu popote.

Alhamisi ilipambazuka kwa manyunyu. Ésaïe alifika na pikipiki zake mbili na kamba ndefu, akaweka meza barazani, kalamu mbili juu ya kitabu. Watu walikuja, ndiyo, lakini walikuja kama watu wanaopita tu. Walisimama mbali chini ya mikaratusi, kila mmoja na jembe lake begani, wakitazama mvua. Mpaka saa nne, aliyekwenda mezani ni mmoja, Hadassa, mjane wa bondeni, na mtoto wake mwenye kikohozi. Kwenye benchi aliketi Ornella, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, ametulia kupita kiasi.

Ésaïe alitazama saa yake, akavua miwani, akaifuta. "Muzee Kahongya, miye siko mutu mubaya," alisema kwa upole. Akawapungia mkono wenye pikipiki. "Mufungue kamba. Friji iko chumba ya pili."

Hapo Kahongya aliinuka. Alitembea mpaka mezani, na pale mbele ya kilima kizima akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akavua koti. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kitabu. Suruali yake ilikuwa na doa pana, bichi, lililoshuka mpaka gotini.

"Andika," alisema, na sauti yake ilifika mikaratusini. "Futa Syauswa. Syauswa alikuwa ndugu mukubwa wangu, alikufaka zamani, muache apumuzike. Yule mwenye anakujaka kila mwezi, asubuhi mapema, batu bangali wanalala, ni miye. Jina, Kahongya. Ugonjwa, mukojo. Inatoka bila kuomba ruhusa, huu mwaka wa pili. Njo maana ya koti. Na ile ya kusema siuguaka, ilikuwa bongo, hapana kweli."

Kisha Mama Virginie alitoka chini ya mti, ameshika kiuno.

"Ngojeni nielewe," alisema. "Donc Vusayi yote ilikuwa Kahongya, na Kahongya peke yake njo hakukuwa Kahongya?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatisha kuku wa jirani. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika meza, na doa likaongezeka, naye hakujali.

"Nipishe," alisema Virginie, akiweka jembe chini. "Virginie, mwanamuke, miaka makumi ine na tatu. Kidonda ya sehemu siwezi kukalia. Andika vile vile."

Baada yake hapakuwa na breki. Siméon shemasi alikuja akiwa ameshika Biblia kama ngao, akasema minyoo, tena mara mbili, na akina mama wake wa usafi wakampigia makofi. Muyisa alisogea, akainama kwenye sikio la Ésaïe.

"Sauti, papa," alisema Ésaïe, ambaye sasa alikuwa anaanza kufurahia kazi yake.

"Nililia," alisema Muyisa kwa nguvu. "Muyisa. Sindano. Nililia na nitalia tena."

Mstari ulizunguka nyumba, ukateremka mpaka njiani. Kalamu ya kwanza ikakauka, ikafuata ya pili, na mwalimu mmoja akatumwa kuleta ya tatu. Mia tatu ilipita bila mtu kuitambua, kwa kuwa wakati huo Ésaïe alikuwa akisikiliza ugomvi wa mapacha wawili juu ya nani hasa alikuwa na upele.

Kahongya peke yake ndiye aliyetazama upande wa benchi. Ornella alikuwa ameng'ata pindo la kitenge. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ubao.

"Tangu saa ngapi?" mzee alimnong'oneza.

"Tangu asubuhi."

"Na unanyamaza?"

"Sokulu, batu ni mingi. Banaume bamejaa mpaka mulangoni."

Mzee alishusha macho kwenye suruali yake, kisha akamtazama mjukuu wake. "Mujukuu wangu, niangalie vizuri. Miye huyu nimekwisha kuvua koti. Weye unangojea nini?"

Ornella alicheka nusu, maumivu yakakata nusu ya pili. Akasimama, akashika nguzo, akaita kwa sauti iliyosimamisha mstari mzima:

"Mama Jokébed! Naitwa Ornella. Ni miye, hapana Kahongya, na ni leo."

Uwanja ukageuka. Akina mama walinyakua kamba za pikipiki, zile zilizoletwa kufunga friji, wakazikaza kutoka nguzo hadi nguzo na kutundika vitenge, baraza likawa chumba. Wanaume walifukuzwa mpaka mikaratusini. Muyisa alitumwa kuchota maji, na Ésaïe, supervizeri wa zone, alijikuta amechuchumaa jikoni akipuliza moto wa kuni mbichi, miwani imejaa moshi.

Manyunyu yalikuwa yamekatika na jua linaelemea upande wa magharibi sauti mpya iliposikika ndani, kali, isiyoomba ruhusa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Jokébed akatoka, mikono yake imeoshwa, akaketi mezani na kujivutia kitabu.

"Mama, Ornella," alisema akiandika. "Mutoto, mwanaume. Kilo tatu na nusu. Jina?"

"Kahongya," ilijibu sauti ya Ornella nyuma ya kitenge.

Ésaïe, aliyekuwa ameshika sufuria, aliiweka chini. "Tena?"

"Huyu ni wa kweli," alisema mzee, akivaa koti lake, si kwa kuficha kitu sasa, ila kwa sababu ya baridi. "Na umuandike vizuri: huyu njo Kahongya mwenye hajaugua hata siku moja."

Friji ilibaki chumba cha pili, ikiendelea kukoroma. Pikipiki mbili ziliteremka kilimani bila mzigo na bila kamba, maana kamba zilikuwa bado na vitenge juu yake. Nyuma ya pikipiki moja Bwana Ésaïe alikuwa amekumbatia kitabu chenye majina ya watu wote wa Vusayi, kila mmoja na aibu yake na dawa yake. Kama wangeendelea kujifunika, posti ingefungwa na Ornella angebebwa kwa kipoyi kama bibi yake. Walijifunua, wakapata. Hakika, mficha uchi hazai.