Mkaa wa Bi Saumu

Sogeeni niwasimulie, na anayetaka hadithi ya kucheka atoke nje.

Zimwi lilimla Zuena, binti pekee wa Bi Saumu. Matanga yalipoanuliwa, majirani wakaja kuukandika upya ukuta wake, kama ilivyo ada yao, ili msiba ufunikwe.

"Basi usilie tena, mwenzetu," wakasema.

"Silii," akajibu, akaokota kipande cha mkaa.

Kwenye ule udongo mbichi akalichora zimwi zima, kisha akaifuta miguu. Huko porini zimwi likaanguka. Akaifuta mikono, nayo ikakatika. Likajikokota kwa tumbo hadi mlangoni kwake, likilia: "Ewe mama, niachie mdomo tu, nikuombe radhi!"

"Mdomo ndio uliomla mwanangu!" Akaufuta kwa kiganja, na zimwi likanyamaza kabisa.

Majirani wakatoka mbio na vigelegele. "Haya, Bi Saumu, moyo umepoa? Tupa mkaa."

"Niutupe? Zuena alibisha mlango baada ya mlango akipiga mayowe, na nyinyi mkatia makomeo." Akaugeukia ukuta. "Simameni hapo hapo niwaone vizuri. Nafasi ipo."

Mimi nimemaliza. Yeye bado anachora.