Kidole cha Kajiru

Kidole kilichovunjika huponea kwa jirani. Jana mlimsikia mama yenu mkubwa akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliogombania mpaka, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya wazee ya kujazia kimya. Basi acheni kucheka, msikilize. Methali hii ilianzia huku huku milimani Upare, kwenye mfereji wa maji, kwa mtu mmoja mwenye hasira za karibu.

Mtu huyo aliitwa Kajiru. Shamba lake lilipakana na la mjane mmoja, Nakijwa, mwunga mifupa, aliyelingana na mama yake kwa umri. Kila shamba lilikuwa na jiwe lake la kuzibia maji ya mfereji. Asubuhi moja Kajiru alilikuta jiwe la Nakijwa limeingia upande wake, au ndivyo alivyoona yeye. Angeweza kuuliza. Badala yake alilipiga teke, peku. Hasira hasara, na hasara hii ilianzia kwenye kidole cha tatu.

Alirudi nyumbani akichechemea, akamwambia mkewe Naetwe kwamba amejikwaa. Naetwe akafanya kama tunavyofanya sote: akachemsha maji, akaleta samli, akamchua. Siku tatu alichuliwa huku akiuma meno, na kidole kikazidi kuvimba. Weusi ukatambaa hadi juu ya unyayo.

Kilichomnyima usingizi Kajiru hakikuwa maumivu. Zamu yake ya maji ilikuwa kesho, na mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Yakikosa maji wakati huo, watoto wangekula nini? Na zamu kwa desturi yetu haikupokelewa na mke wala mjumbe. Ilipokelewa na mwenye shamba kwa miguu yake, au na jirani wa mpaka mmoja, kwa kuwa huyo ndiye wa kwanza kuumia maji yakiibwa. Kajiru alijaribu kusimama, akaanguka juu ya kinu.

Naetwe hakumwomba ruhusa. Alivuka mpaka, akarudi na Nakijwa.

Kajiru alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema shikamoo akiwa ameuelekea ukuta.

"Marahaba, baba. Lete mguu."

Hakuuchua. Aliutazama kwanza, akaulinganisha na mwenzake, kisha akaigusa ncha ya kidole kwa ukucha, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kajiru akapiga ukelele.

"Huu ni mfupa," Nakijwa alisema. "Mshipa ulioshtuka hulia ukiupinda. Mfupa hulia hata ukiubishia hodi tu. Nani amekuwa akiuchua?"

"Mimi, mama," Naetwe akajibu kwa aibu.

"Usirudie, mwanangu. Mfupa uliovunjika ukichuliwa hukosa pa kutulia. Shukuru ngozi haikupasuka, wala si kidole gumba. Hapo ningewaambia mumbebe mpaka kwa daktari."

Akaagiza kitambaa kilicholowa maji baridi, akakiweka juu ya uvimbe kwa muda. Mguu akauegemeza juu ya gunia. Kisha akatia pamba katikati ya vidole viwili, akakifunga kilichovunjika pamoja na kilicho kando yake kwa utepe wa kanga kuukuu.

"Mbona unakifunga na kizima?" Kajiru akauliza. "Hicho hakina kosa."

"Ndiyo maana. Kibovu hakiwezi kujishika chenyewe. Usikaze utepe. Kidole kikiwa baridi au kikififia rangi, legeza. Na usikanyagie hadi mwezi uandame mara mbili."

Maneno yakamtoka Kajiru yenyewe. "Mama, sikujikwaa. Nililipiga teke jiwe lako."

"Najua. Nililikuta limesogea, na juu yake pana ngozi ya mtu." Nakijwa alikuwa akikusanya pamba yake. "Ungeniuliza, ningekwambia ni mvua iliyolisukuma."

Akaaga, akaenda zake. Hakusema lolote kuhusu zamu, na Kajiru hakuthubutu kumwomba. Angemwomba kwa uso gani?

Asubuhi watu walikusanyika kwenye bwawa la mfereji. Mlinzi wa maji akaita, "Zamu ya Kajiru!" Kimya. Akaita tena. Wenye mashamba ya chini wakaanza kusogea na majembe yao, maana zamu isiyoitikiwa mara tatu huwa yao.

Kabla hajaita mara ya tatu, Nakijwa akapita katikati yao, akatia mguu wake mkavu ndani ya mfereji.

"Kajiru hana mguu leo. Tumieni huu."

Mlinzi akacheka. "Wako? Watu walimwona, na kijiji kizima kinajua alichokifanyia jiwe lako!"

"Hata mimi najua," mjane akasema. "Fungua maji. Kidole kilichovunjika huponea kwa jirani."