Mundhiri na Maji Yaliyomfika Mabegani

Wamesimulia wazee wetu wa elimu, Allah awarehemu, kwamba katika milima ya Oman palikuwa na mja mwema aitwaye Mundhiri, fundi wa kuchimba mifereji ya chini ya ardhi, ile inayotoa maji kwenye chemchemi za mlimani na kuyafikisha mashambani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono migumu, na kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyewasalisha watu wa kijiji chake.

Ukaja mwaka wa ukame. Mfereji wa zamani ukakauka, mitende ikaanza kusinyaa, na wanakijiji wakamwomba Mundhiri awachimbie mwingine. Akakubali. Hata kazi haijafika nusu, mtu mmoja aitwaye Kaisi, ambaye shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa bonde, akaeneza habari kwamba Mundhiri anaupinda mfereji kwa siri ili maji yaangukie kwa shemeji yake. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini watu walikuwa na kiu na hofu, wakaamini. Wakamwondoa Mundhiri katika uimamu, na waliozoea kumpokea kwa mikono miwili wakawa wanageuza nyuso wakikutana naye.

Mkewe, Bibi Sukaina, akamwambia, "Mume wangu, weka sururu chini. Wachimbe wenyewe hao."

"Niliwaahidi maji," Mundhiri akamjibu. "Wao wamenivunjia heshima. Mimi nikiwavunjia ahadi, tutakuwa tumefanana."

Akaendelea na kazi. Wanakijiji, kwa kutomwamini, wakamtuma Kaisi huyo huyo akamsimamie, ahakikishe mfereji hauendi kombo. Basi kila asubuhi wawili hao wakawa wanashushwa kwa kamba katika kisima cha kuingilia, mmoja na sururu, mwingine na taa, wala hawakusemezana ila salamu.

Siku moja, jua likiwa limefika utosini huko juu, sururu ya Mundhiri ikagonga jiwe na maji yakachuruzika. Alipolipiga mara ya pili, yakabubujika. "Alhamdulillahi!" akasema, na papo hapo ardhi ikatikisika nyuma yao. Dari ya handaki ikaporomoka, ikaziba njia yote ya kurudi kisimani. Taa ikazimika. Wakabaki gizani, nyuma yao ukuta wa udongo, mbele yao chemchemi inayotapika maji yasiyo na pa kwenda.

Kaisi akapiga ukelele, akaurukia udongo na kuuparura kwa kucha. Mundhiri akamshika mabega.

"Usiguse juu, ndugu yangu. Ukiuvuta wa juu utatushukia wote. Tutatoboa chini, upande wa kulia, penye mwamba."

"Maji yamefika magotini! Tutakufa!"

"Huenda. Lakini Adhuhuri imeingia, na maji haya haya yanayotutisha yanatosha kutilia udhu. Tawadha. Tusali kwa ufupi, tukisujudu kwa ishara, kisha tuchimbe."

Mundhiri naye aliogopa. Alimfikiria Sukaina akipakua chakula sahani moja tu. Lakini alipoleta takbira, sauti yake ilitoka imara, na nyuma yake akasikia pumzi za Kaisi zikianza kutulia.

Walipomaliza wakachimba, mmoja kwa sururu, mwingine kwa mikono. Maji yakafika kiunoni. Ghafla Kaisi akaacha.

"Mundhiri, ile habari ya shemeji yako niliitunga mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Uliyemwambia alikuja kuniambia."

"Na ukawa unaitikia salamu yangu kila asubuhi?"

"Salamu ni dua. Sikuona sababu ya kukunyima dua."

Kaisi akalia. "Nisamehe."

"Haki yangu nimekusamehe. Lakini watu uliowadanganya nao wana haki yao, na hiyo si yangu kuitoa. Tukitoka, waambie kweli."

"Nitawaambia, wallahi."

Tundu likapatikana, la kupita mtu mmoja kwa shida, na udongo wa juu ukawa unadondoka. Mundhiri akainama, akaukinga kwa mgongo wake.

"Pita."

"Na wewe?"

"Wewe huwezi kuuzuia udongo huu. Mimi ninaweza. Pita, ukaite watu."

Kaisi akatambaa, maji yakimsukuma. Mara tu alipotokea upande wa pili, udongo ukashuka kwa kishindo na tundu likaziba.

Mundhiri akabaki peke yake. Maji yakapanda kifuani. Ndipo ukamjia wasiwasi mkali kuliko maji: mtu pekee anayejua kwamba yu hai ni yule yule aliyemzulia uongo. Akinyamaza, aibu yake itazikwa humu. Mundhiri akausukuma wasiwasi ule. "Ee Mola," akasema, "nimemtoa kwa ajili Yako. Sikumtoa ili anirudie." Maji yakafika mabegani. Akatamka shahada, kisha akaendelea kuchimba, kwa kuwa hakuona adabu mja kukata tamaa na rehema ya Mola wake.

Akasikia kugonga. Halafu sauti, iliyokauka kwa kupiga kelele: "Chini! Upande wa kulia, penye mwamba! Msiguse juu!" Alikuwa Kaisi, mbele ya wanaume sita wenye majembe na magogo ya mitende ya kutegemeza dari. Ukuta ulipotoboka, maji yalitoka kwa nguvu, yakamtoa Mundhiri na kumbwaga miguuni pao, kisha yakapita mbio kwenye handaki lililokwisha kuchimbwa, mpaka bondeni.

Kaisi hakungoja Ijumaa. Walipopandishwa juu, pale pale kisimani, tope limemjaa mpaka ndevuni, aliwaambia wanaume kwa wanawake alichokitenda. Hakuna aliyeinua uso. Mzee wa kijiji akamsogelea Mundhiri, akamwomba awasalishe Alasiri.

"Nitawasalisha," Mundhiri akasema, "ila nipeni kwanza nguo kavu. Na Kaisi aadhini."

Enyi ndugu katika imani, msidhani mja huyu hakuogopa. Aliogopa, na hofu yake haikumpotezea adabu kwa Mola wake wala kwa mwenzake. Na kusamehe kwake hakukuwa kuificha haki: alimwachia Kaisi kilichokuwa chake kukiachia, na cha watu akakidai. Allah atupe mioyo inayotulia penye dhiki, na ndimi zinazosema kweli siku tutakapookolewa. Amin.