Kwa Nini Anayemtaja Mkubwa Hutupa Jicho Mlangoni

Kaeni vizuri, hasa wewe unayependa kuanza maneno yako na "juzi nilikuwa na fulani."

Hapo kale mtu hakutajwa ovyo. Ukilitaja jina lake, mwenyewe alikuja. Awe analima, anaoga au anakula, miguu ilimnyanyua ikamleta mpaka ulipo, na hakuweza kurudi kabla hujamwambia ulichomwitia. Kwa hiyo watu wa milimani walisema kwa kuzunguka: yule mfua chuma, yule mkunga wa kilima cha tatu. Jina lenyewe liliwekwa kwa ajili ya shida, na aliyemwita mwenzake bure alimlimia shamba siku nzima.

Huko aliishi Sekiete, mchimba mifereji. Migomba yote ya kijiji ilikunywa maji kwa jasho lake, lakini barazani hakuna aliyemsikiliza. Akianza kusema, mwingine alidakia. Akikaa, alisogezwa mpaka upande wa moshi. Jambo hilo lilimuuma sana, na sikuambii kwamba hakuwa na haki ya kuumia.

Siku moja, wazee wakinywa pombe ya miwa, alikatizwa mara ya tatu. Akasema kwa hasira, "Mimi nimekunywa maji kibuyu kimoja na Mnyone."

Mnyone alikuwa mtawala wa milima yote. Watu walishika vinywa. Haukupita muda, mtawala akatokea kwenye uchochoro akihema, tonge la ugali bado mkononi.

"Umeniitia nini, Sekiete?"

"Nilitaka hawa wajue kwamba tunajuana, mkuu," Sekiete alijibu.

Kwa bahati mbaya Mnyone alipenda kutazamwa. Alicheka, akaketi, akanywa. Nasema bahati mbaya kwa sababu angemlimisha siku ile, leo tungekuwa watu wa namna nyingine.

Kuanzia hapo Sekiete alipewa kigoda. Habari zile zile za mifereji zilizokuwa zikikatizwa sasa zilisikilizwa mpaka mwisho. Utamu ukamkolea. Akamtaja mfua chuma, akamtaja mwita mvua, akamtaja hata mkunga, bibi Nanzia, ambaye alivuka vilima viwili na fimbo yake ili aonekane tu na wageni. Wengine wakaona, wakaiga. Njia zikajaa wakubwa wanaokimbia, chuma kikapoa bila kufuliwa, na Nanzia akavimba miguu.

Mwishowe wakubwa hao walipanda kileleni kumlilia Muumba. "Tutenganishe na majina yetu," walimwomba. Muumba akawahurumia, akakata kifungo kati ya jina na miguu. Wakashuka wakitembea polepole, kila mmoja akienda anakotaka.

Asubuhi ile ile waliposhuka, Nakijwa, mke wa Sekiete, alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sekiete alisimama mlangoni akamtaja Nanzia. Njia ilikuwa tupu. Akamtaja tena kwa sauti. Akamtaja Mnyone, mfua chuma, mwita mvua, majina yote aliyojivunia, na baada ya kila jina alitazama njia. Ndani Nakijwa alikuwa anaishiwa nguvu. Sekiete aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Majina yalipomwishia, alilia tu.

Kilio kilivuka mfereji. Mwanamke wa nyumba ya ng'ambo alitupa jembe, akaja na tope mpaka magotini.

"Chemsha maji, shemeji, na unipishe," alisema, akanawa na kuingia.

Hakuwa mkunga. Alikuwa ameshika tu mikono ya dada zake wakijifungua, akaangalia, akakumbuka. Jua lilipofika utosini mtoto wa kike alilia, na Nakijwa aliomba uji.

Siku ya kumpa mtoto jina, watu walijaa uani wakisubiri kusikia jina la mkubwa gani litachaguliwa. Sekiete hakuwatazama. Alimwendea yule mwanamke, akasimama mbele yake kwa aibu.

"Dada, miaka kumi tunachota mfereji mmoja," alisema. "Unaitwa nani?"

Hata yeye ilikuwa imemuuma kutoulizwa jina miaka yote hiyo.

"Mkunde," alisema. Na mtoto akaitwa Mkunde.

Na tangu siku hiyo, jina likitajwa ni sauti tu. Watu hawajaacha kuyataja majina ya wakubwa, la waziri, la sheikh, la tajiri wa mjini. Lakini mwangalieni mtajaji vizuri. Akishalitamka hutupa jicho mlangoni, na haji mtu. Ila mwanamke akishikwa na uchungu katika milima ile, hakuna anayetaja jina la mtu. Hulia tu mlangoni, na majirani huja.