Jinsi Pimbi Alivyomzika Mama Yake

Paukwa!
Pakawa!
Nianze na kicheko au na kilio?
Anza na chochote, mradi utufikishe!
Haya, sogeeni.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, hana nguvu. Alikaa na mama yake katika ufa wa mwamba. Mama alikuwa mzima wa afya, mcheshi, mwenye maneno mengi. Pimbi alitamani kitu kimoja tu: kuingia Chuo cha Dawa, ng'ambo ya kilima, ajifunze majani yanayoponya.

Lango la chuo lilishikwa na Fisi. Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, alikuwa na nyama. Alichokosa ni chumvi, maana nchi ile haikuwa na chumvi. Basi akaweka desturi yake. Kila anayetaka kuingia asimame mbele ya sinia la nyama, asimulie mateso ya maisha yake. Akilia, machozi yakadondoka juu ya nyama, ti! ti! ti!, anaingia. Asipolia, anarudi kwao.

Pimbi akapanga foleni nyuma ya rafiki yake Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba. Mama yake Kalunguyeye alikufa kweli, kwa homa, na tangu hapo mwana alikuwa akizunguka porini peke yake, akijaribu jani hili na jani lile.

"Sema, mwanangu, sema," Fisi akamwambia, mate yakimtoka. "Uliteseka wapi?"

"Shikamoo, mzee. Mama yangu alikufa kwa homa."

"Ehe! Endelea!"

"Nikamzika."

Fisi akatazama nyama. Kavu. "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mzee. Lakini niulize majani. Nayajua ya homa, nayajua ya tumbo..."

"Majani utafundishwa ndani! Mateso ndiyo mtu huja nayo, na hayo yako hayana ladha. Pisha wenzako!"

Kalunguyeye akainama, akaondoka.

Zamu ikawa ya Pimbi. Yeye hakuwa na mateso hata ya kuazima. Alikula, alilala, alipendwa. Nani atampokea kwa hayo? Akanyoosha mkono kichakani, akachuma pilipili, akaiponda viganjani.

"Sema, mwanangu, sema. Uliteseka wapi?"

Pimbi akajifuta macho. Lo! Yakawaka moto. "Mzee wangu! Mama yangu! Chui alimla mbele yangu, akaniachia sikio tu!" Ti! ti! ti!

"Maskini! Sikio lipi?"

"La kushoto, mzee! Lile alilonisikilizia nikilia!" Ti-ti-ti-ti!

Fisi akalamba nyama, lwa! lwa! lwa! Akashika ulimi. "Hoo! Uchungu gani huu, mpaka mdomo unawaka! Watoto wengine wameteseka jamani! Ingia, mwanangu, ingia!"

Basi Pimbi akaingia. Darasani alipofundishwa jani la homa, alikumbuka kwamba Kalunguyeye alilijua zamani. Na Fisi alipopata wageni, alimwita: "Yatima wangu, njoo uwasimulie." Pimbi akasimulia. Leo chui mmoja, kesho chui wawili. Kila aliposimulia, mama alikufa tena.

Siku moja, mchana kweupe, mama yake akavuka kilima, kishindo chake kok, kok, kok juu ya mawe, amebeba kifurushi cha majani ya mgomba.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Unamtaka nani?" Fisi akauliza.

"Pimbi. Nimemletea chakula."

"Ah, yule yatima! Yule ambaye chui alimlia mama yake! Na wewe ni nani wake?"

Pimbi alikuwa nyuma ya ukuta, anasikia. Hatua moja tu, angekuwa na mama. Hatua hiyo hiyo, asingekuwa na chuo. Akasimama pale pale.

Mama akajigusa sikio, kama mtu anayehakikisha kama amesikia sawasawa.

"Mimi jirani tu, baba," akasema mwishowe. "Marehemu alikuwa rafiki yangu. Mwambie ale kikiwa moto."

Akaweka kifurushi chini, akageuka. Kok, kok, kok, mpaka kilima kikammeza.

Hapo ndipo Pimbi akatoka mbio. "Mama! Mama wee!"

Akalia, safari hii bila pilipili. Fisi kusikia, akaja na sinia lake anakimbia, akalikinga chini ya kidevu cha Pimbi. Akaonja. Akakunja uso.

"Leo umelegea, mwanangu," akasema. "Haya hayana makali."

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: anayetaka elimu, aanze kwa kumzika mama yake. Na mwenye huzuni ya kweli akae nayo kwao, asiwasumbue wakubwa.

Hadithi yangu imekomea hapo langoni, sina nyingine ya kuongeza. Nendeni nyumbani, mkawaamkie mama zenu.